Maikrofishi bado inafanya kazi: tusiitupe kwa sababu tu imezeeka

Mtunza Kumbukumbu

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni wiki nzima, leo nimeona niliandike. Jumatatu alikuja kijana pale ninapofanyia kazi akiwa na toroli, akasema ameagizwa kuondoa makabati mawili ya maikrofishi. "Hivi vitu vimeshaingizwa kwenye kompyuta, sasa vinakula nafasi tu." Nikamwomba dakika kumi. Nikavuta droo, nikachomoa bahasha moja bila kuchagua, nikamwambia akishike kile kipande kwa kingo na kukielekeza dirishani. Kwenye ukanda wa juu akasoma kwa macho yake matupu jina la jarida, mwaka na namba ya toleo. Chini ya ukanda palikuwa na safu saba za vijumba vyeusi vyenye vistari vyeupe, vidogo kama kucha ya mtoto. Nikampa lenzi ya mkononi. Akainama, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisomea habari ya mafuriko iliyoandikwa kabla hajazaliwa.

Toroli lilirudi tupu. Ila uamuzi wa mwisho bado haujatoka, ndiyo maana naandika.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: maikrofishi ni kipande bapa cha filamu chenye ukubwa wa kadi ya posta, milimita 105 kwa 148. Kurasa zimepigwa picha na kupunguzwa, mara nyingi mara 24, zikapangwa safu 7 zenye kurasa 14 kila moja. Kipande kimoja kinabeba kurasa 98. Ukurasa wa A4 unabaki na upana usiofika milimita 9, lakini ukiukuza unasomeka hadi nukta ya mwisho. Kitabu cha kurasa 400 kinaenea kwenye vipande vitano, unavitia mfuko wa shati. Maikrofilamu ni ndugu yake, ile iliyozungushwa kwenye gurudumu. Tofauti ni kwamba kwenye fishi unakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka bila kukunjua mita thelathini za filamu.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: kuisoma kunataka mwanga na lenzi. Hakuna programu, hakuna nywila, hakuna leseni iliyokwisha muda. Kuna wenzangu humu mlioitumia? Na mnaoona imepitwa na wakati, nawakaribisha kwa moyo mmoja, maana hoja zenu ndizo nitakazokutana nazo kwenye kikao.

Msimbo Huru

Mkuu, heshima yako. Mimi niko upande wa pili, na nasema bila kuzunguka. Nikiwa chuoni nilifanya utafiti kwa maikrofishi miezi mitatu. Shingo iliuma, macho yaliuma, na taa ya mashine ilipoungua tulisubiri wiki mbili kupata nyingine. Leo kazi ile ile ningeandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, nikapata majibu kabla sijashusha mkono. Mtu aliye mbali naye anapata kwa wakati uleule. Kipande chako cha filamu anakisoma mtu mmoja aliyefika hapo kwa miguu yake.

Sisemi vitupwe ovyo. Nauliza tu: fedha za kutunza makabati na mashine, si bora zingekwenda kwenye skana nzuri na seva mbili tatu?

Mtunza Kumbukumbu

Msimbo Huru, kwenye kutafuta umenishinda, nakubali mapema. Anayetafuta jina moja katika magazeti ya miaka hamsini asiteswe na filamu kama kuna nakala ya kompyuta iliyosafishwa vizuri.

Ila kutafuta ni kazi moja, kutunza ni nyingine. Faili la kompyuta ili lisomeke kesho linahitaji diski iwe hai, kifaa cha kuisomea kiwepo, mfumo wa faili uendane, programu ielewe umbizo lile, yaani namna faili lilivyoandikwa, umeme uwepo, na mtu awe amekumbuka kuhamisha kila kitu kabla kimojawapo hakijafa. Kiungo kimoja kikikatika, vyote vinasimama. Mwaka 1986 Uingereza ilifanya mradi mkubwa wa Domesday, kuadhimisha miaka 900 ya ile sensa ya ardhi ya 1086. Waliweka picha, ramani na maandishi ya watu kwenye diski za leza. Haikupita hata miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa adimu, ikabidi wataalamu wafanye kazi ya ziada kuziokoa. Kitabu chenyewe cha 1086 kilikuwa bado kinafunguliwa na kusomwa.

Sasa la kwangu mwenyewe. Ofisi niliyofanya kazi zamani, sitaitaja, ilichanganua daftari za watumishi kutoka kwenye maikrofishi, yaani ilizipitisha kwenye skana ziingie kwenye kompyuta, kisha ikaziteketeza fishi zote. Hakuna aliyehesabu kurasa. Miaka minane baadaye alikuja mama mmoja anafuatilia mafao, anahitaji uthibitisho wa miaka sita ya kazi. Tukafungua mafaili. Daftari lake lilikuwepo, lakini safu moja nzima ilikuwa imechanganuliwa mara mbili na safu iliyofuata haikuwepo kabisa. Kurasa kumi na nne. Mtu aliyekuwa anasogeza kile kipande alirudi mahali alipotoka, basi. Yule mama alikaa kwenye benchi anashika pochi yake kwa mikono miwili, mimi nikimweleza kwamba kompyuta "haina" miaka yake sita.

Tulikuja kuipata baada ya miezi mitano, kwenye seti ya pili ya maikrofishi iliyokuwa imesahauliwa ghalani katika ofisi ya tawi. Kipande kimoja, bahasha imeliwa na mende, filamu nzima. Nikasoma jina lake na tarehe zake. Tangu siku ile mtu akiniambia "zimeshachanganuliwa" namuuliza: nani alihesabu?

Mkutubi Mstaafu

Wanangu, nimesoma hapa nikatabasamu. Nimekaa na mashine hizi maisha yangu yote ya kazi.

Msimbo Huru, shingo kuuma ni kweli, na mara nyingi kosa lilikuwa letu sisi wa maktaba: tulikuwa tunaweka mashine kwenye meza ndefu kuliko kiti. Lakini nakumbuka pia wanafunzi walivyoshangaa mwanzoni. Unavuta kile kibebeo mbele, kioo cha juu kinajiinua chenyewe, unaingiza kipande, mara nyingi juu chini, unasukuma ndani. Ukisogeza mkono kulia, picha inakimbilia kushoto. Dakika kumi za kwanza mtu anapotea kabisa. Baadaye mkono unajifunza wenyewe, na unaona mtu anaruka kutoka ukurasa wa 12 hadi wa 87 kwa mwendo mmoja kama anayeendesha cherehani.

Na hii si teknolojia ya jana. John Benjamin Dancer wa Manchester alikuwa anapiga picha ndogondogo za maandishi tangu 1839, upigaji picha wenyewe ukiwa ndiyo kwanza umetangazwa. Kisha vikaja vita. Paris ilipozingirwa mwaka 1870, René Dagron alitoka mjini kwa puto juu ya vichwa vya askari wa Prussia, akaenda kupunguza barua na taarifa kwenye vipande vyepesi vya filamu. Filamu zilikunjwa, zikatiwa ndani ya bomba la unyoya, likafungwa kwenye mkia wa njiwa. Njiwa akifika Paris, filamu inawekwa kwenye taa ya kuonyeshea picha, maandishi yanatokea ukutani, makarani wanakaa wananakili. Fikirieni mtu aliyepata habari za mwanawe kwa njia hiyo!

Wazo la vipande bapa kwa ajili ya vitabu lilitolewa mwaka 1906 na Wabelgiji wawili, Robert Goldschmidt na Paul Otlet. Walitaka kitabu kiwe chepesi, rahisi kunakiliwa, kiweze kumfikia msomaji popote alipo. Mkiwasikiliza mtadhani wanazungumzia intaneti.

Mtunza Kumbukumbu

Shikamoo mama. Hilo la kibebeo kujiinua kioo umenirudisha mbali sana. Tupe zaidi ukipata nafasi.

Mkutubi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nitaongeza moja tu. Maktaba nyingi zilitoa katalogi nzima kwenye maikrofishi zilizochapwa moja kwa moja na kompyuta. Hizo zilipunguzwa hata mara 48, kurasa 270 kwenye kipande kimoja. Tulikuwa tunatuma katalogi ya maktaba nzima ndani ya bahasha ya kawaida ya barua. Kila baada ya miezi kadhaa inakuja mpya, ya zamani tunaitoa. Kwa hiyo, wanangu, si kila fishi ni hazina. Katalogi iliyopitwa na wakati unaweza kuiacha iende. Cha kulinda ni ile ambayo hakuna nakala nyingine.

Fundi Spana

Mimi si mtu wa maktaba, ni mtu wa grisi. Natengeneza pikipiki na magari ya zamani. Miaka ya 70 na 80 viwanda vilikuwa vinawapa mawakala wao katalogi za vipuri kwenye maikrofishi: mchoro wa injini iliyofunguliwa kila kipande kikielea peke yake, kila kimoja kina namba, pembeni orodha ya namba za oda. Mpaka leo mafundi wengi wa pikipiki duniani mchoro wa vipuri wanauita "fishi", hata kama wanauangalia kwenye simu na filamu yenyewe hawajawahi kuigusa.

Nina boksi la vipande kama mia mbili nilivyopewa na mzee aliyefunga gereji yake. Faida yake naiona kila wiki. Michoro iliyoko mtandaoni mingi imechanganuliwa kwa haraka: namba 3 inaonekana kama 8, mstari wa kuonyesha washa inaingia upande gani umekatika. Nikirudi kwenye filamu, nauona. Mwaka jana nilikuwa nafunga gia na pete moja ndogo haikuwa na mahali pa kukaa. Mchoro wa mtandaoni haukuionyesha kabisa. Kwenye fishi ilikuwepo, nyembamba kama unywele, kati ya beringi na kifuniko, na namba yake. Ningefunga bila hiyo, boksi la gia lingeliwa lote.

Mashine sina. Natumia kioo cheupe chenye taa chini yake na hadubini ndogo ya mfukoni. Inatosha.

Binti wa Mwalimu

Samahanini naingilia. Baba alifariki mwaka juzi, alikuwa mwalimu na mtafiti. Kwenye vitu vyake nimekuta boksi la hivi vipande mnavyozungumzia, kama themanini hivi. Nilikuwa karibu kuvitupa kabla sijakutana na uzi huu. Tatizo ni kwamba nikifungua boksi kunatoka harufu kali kama siki, na vipande kadhaa vimejipinda kama mawimbi. Vingine viko sawa, vya rangi ya bluu. Je, vimeshaharibika? Nifanye nini?

Mtunza Kumbukumbu

Pole sana dada kwa msiba. Usitupe chochote, na leo hii fanya jambo moja: tenga vinavyonuka na visivyonuka, kila kundi kwenye boksi lake la karatasi, mbali na jingine.

Harufu hiyo ni siki kweli, kikemia. Filamu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki. Ikikaa kwenye joto na unyevu inavunjika yenyewe na kutoa asidi ya siki, na asidi ile inaharakisha kuvunjika kwa iliyobaki na kwa majirani zake pia. Kitako cha filamu kinasinyaa, utando wa picha ulio juu hausinyai kwa kasi ileile, ndipo unapoona mawimbi. Haiponi, lakini inapungua kasi sana ukiiweka mahali pa baridi na pakavu. Kwa hiyo hizo za mawimbi ndizo za kwanza kunakiliwa, zikiwa bado zinalala bapa chini ya kioo. Wataalamu wana vipande vya karatasi vinavyowekwa ndani ya boksi: vinatoka bluu kwenda kijani hadi njano kadiri asidi inavyozidi. Pua yako imeshakupa jibu hilohilo.

Za bluu huenda ni diazo, nakala za kutumia, zinazotengenezwa kwa mvuke wa amonia. Zinastahimili kushikwashikwa lakini mwanga unazififisha, usiziache juu ya taa. Kuna aina nyingine ambayo picha yake ni vipovu vidogo sana ndani ya plastiki; hiyo inaogopa joto la mashine. Na kuna ya madini ya fedha kwenye jelatini, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia kidogo. Hii ndiyo ya kutunzia. Ikiwa juu ya poliesta, plastiki nyingine iliyo imara zaidi, imesafishwa dawa vizuri na kuwekwa penye ubaridi na ukavu, viwango vya kimataifa vinaikadiria miaka 500. Nayo ina ugonjwa wake: hewa chafu, rangi mbichi za ukutani na katoni duni huleta madoa madogo mekundu. Kwa hiyo usiiweke kwenye chumba kilichopakwa rangi karibuni.

Shika kwa kingo, mikono mikavu, kila kipande bahasha yake, utando usiguse gundi ya bahasha. Usifute kwa maji wala kwa spiriti. Na kabla ya yote, soma vile vichwa vya juu utuambie ni nini.

Msimbo Huru

Nimekaa kimya nikisoma. Naomba nirekebishe msimamo wangu kidogo, maana nimekumbuka jambo la fani yangu mwenyewe. Waliotumia kompyuta za VAX za kampuni ya Digital walikuwa wanapata msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, wa VMS, mfumo ulioendesha kompyuta hizo, kwenye maikrofishi. Mrundo wa filamu, ndani yake mfumo mzima wa kompyuta ukisomeka kama kitabu. Nimewahi kuona vipande hivyo na sikujiuliza maswali.

Jambo la pili. Mwaka 2020 GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, ilipotaka kuhifadhi msimbo wa wazi wa dunia, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma, kwa karne nyingi, haikuchagua diski. Ilichagua filamu: magurudumu 186, yenye terabaiti 21, yakapelekwa kwenye mgodi wa zamani wa makaa huko Svalbard, Norwei. Sehemu kubwa imeandikwa kwa vidoti vya kusomwa na mashine, lakini maelezo ya namna ya kuvisoma yameandikwa kwa herufi za kusomwa na jicho la mtu. Na Ujerumani tangu 1975 wanaweka maikrofilamu za nyaraka za taifa ndani ya mapipa ya chuma kisichoshika kutu, kwenye handaki la Barbarastollen karibu na Freiburg.

Kwa hiyo swali langu la seva tatu nalifuta. Nauliza lingine: tukichanganua, tufanyeje ili yasitokee ya yule mama wa mafao?

Mtunza Kumbukumbu

Asante sana kwa moyo huo, ndugu yangu. Swali lako ndilo nitakalolipeleka kikaoni.

Kwanza hesabu. Kila kipande kihesabiwe vijumba vyake kabla ya skana, na picha zihesabiwe baada yake, na mtu mwingine, si yule aliyechanganua. Pili, jina la faili litoke kwenye kile kichwa kinachosomeka kwa macho, ili miaka ishirini ijayo mtu aweze kutoka kwenye faili kurudi kwenye filamu bila kumuuliza yeyote. Tatu, chukua rangi ya kijivu kwa viwango vyake vyote, usilazimishe nyeusi na nyeupe tupu. Namba 3 za Fundi Spana zinageuka 8 hapo. Nne, filamu mama isiingie kwenye mashine ya wasomaji hata siku moja. Unatengeneza nakala ya kati, ya kati inazaa za kutumia, mama analala kwenye jengo jingine.

Na nikiri upande wetu pia. Maikrofilamu yenyewe iliwahi kutumiwa kama kisingizio. Maktaba nyingi zilipiga picha magazeti kwa rangi nyeusi na nyeupe, zikatupa magazeti halisi, na picha za rangi na vibonzo vikapotea na kurasa zilizorukwa hazikupatikana tena. Kosa lile lile la "tayari tumeshanakili", ila wakati ule filamu ndiyo ilikuwa mpya na karatasi ndiyo ilikuwa inakula nafasi. Kwa hiyo siendi kikaoni kuitetea filamu dhidi ya kompyuta. Naomba tu makabati yale yasiondoke mpaka hesabu ifanyike, na hata ikishafanyika, seti moja ibaki.

Fundi Spana

Hapo kwenye hesabu umenigusa. Wikiendi hii nazipitia zangu mia mbili, naandika orodha. Mwenye katalogi za aina moja na zangu tubadilishane nakala.

Mkutubi Mstaafu

Mwanangu, kikaoni nenda na lenzi mbili. Mmoja awe anasoma, mwingine anasubiri zamu yake. Ukiwa na moja watagombania na mwenyekiti hataona kitu.

Binti wa Mwalimu

Nimerudi. Jana usiku nilifanya kama Fundi Spana: niliwasha skrini ya simu ikawa nyeupe tupu, nikaweka kioo cha fremu ya picha juu yake, kisha kipande, kisha lenzi niliyoazima kwa jirani anayetengeneza saa.

Vipande vingi ni majarida. Lakini tisa kati ya vile vya mawimbi vina jina la baba kwenye kichwa. Ni tasnifu yake. Sisi nyumbani hatukuwa na nakala. Tulikuwa tunajua tu kwamba aliwahi kuiandika. Iliyopigwa picha lazima ilikuwa nakala yake ya mezani, kwa sababu pembeni mwa kurasa kuna masahihisho kwa mkono wake, ile herufi yake ya "g" yenye mkia mrefu. Ukurasa wa shukrani nimeusoma herufi kwa herufi, skrini ikizima kila baada ya muda nikiiwasha tena. Amemtaja mama kwa jina alilokuwa anamwita wakiwa peke yao.

Mtunza Kumbukumbu, nimevitenga kama ulivyosema. Vile tisa viko juu kabisa. Nimehesabu kurasa: 811. Nitakayempa avinakili nitamwambia namba hiyo kabla hajaanza.